Sweta la Mapokezi

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, alipiga magoti chini ya meza ya mapokezi ya ofisi ya maji, akapuliza vumbi kwenye feni ya kompyuta kuukuu, akapiga chafya, kisha akachomeka flashi. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo na roho ngumu. Meneja mpya alitaka ibadilishwe sura: picha nzuri ya nyuma, alama za mafaili zinazong'aa, kila kitu cha kisasa. Kununua nyingine, alisema, ni kutupa kitu ambacho bado kinafaa.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa amemwachisha kazi Shangazi, karani wa mapokezi, kwa kuwa hakuwa wa kisasa. Shangazi alibakiza miaka miwili astaafu na kupata kiinua mgongo chake. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini. Aliitwa hivyo na kila aliyewahi kukosa maji. Wakati wa kumuaga, meneja alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akamfungulia mlango.

Bisibisi alisakinisha sura mpya bila shida. Picha ya maporomoko ikatokea, alama za mafaili zikajitokeza moja moja na kujipanga. Kisha karani mpya, binti mpole mwenye kucha za rangi, akakaa kitini, na alama zote zikaondoka. Zilisogea taratibu mpaka ukingo wa kulia wa skrini, upande wa mlango, zikabanana pale kama vifaranga wakati wa mvua. Karani alipozifuata kwa mshale wa kipanya, zilimkwepa kwa adabu.

"Zimesusa," akasema mzee mmoja kwenye foleni.

"Basi zibembelezwe," akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Bomba letu linamwaga maji barabarani tangu jana."

Bisibisi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alidhani kumbukumbu imezidiwa, akaweka sura nyepesi zaidi, inayofaa mashine za zamani. Alama zikakimbilia ukingoni, safari hii kwa kasi. Akabadilisha programu ya kuendesha skrini. Akafungua akaunti mpya. Mwishowe akafuta kila kitu na kuanza upya, na alama zilizozaliwa dakika ile, ambazo hazikuwahi kumwona mtu yeyote, nazo zikaenda kungoja upande wa mlango.

Mchana Shangazi akaingia, amevaa sweta lake la kijani. Alikuja kurudisha ufunguo wa choo, ambao aliondoka nao kwa bahati mbaya. Alama zikarudi mahali pake, mistari imenyooka.

"Hamjambo wanangu," akasema Shangazi, na haikujulikana anawasalimia akina nani.

"Shikamoo Shangazi," akasema Bisibisi. "Hebu kaa hapa kidogo."

Shangazi akakaa. Mafaili yakafunguka hata kabla hayajaguswa vizuri, na foleni ikaanza kusogea. Bisibisi akamwinamia sikioni. "Hapa huondoki tena. Nitamwambia meneja bila wewe haifanyi kazi."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa."

Shangazi akashusha kiti hadi kimo alichokizoea, akageuza kopo la kalamu likae lilivyokuwa likikaa siku zote. Alifurahi.

Meneja akatoka ofisini mwake. "Tatizo ni nini hasa?"

Bisibisi angeweza kujibu papo hapo. Lakini fundi mzuri hasemi mpaka ahakikishe, na kuhakikisha ni kuondoa kimoja kimoja. Alimwomba Shangazi anyamaze, alama zikabaki. Alimwomba aachie kipanya; zikabaki. Asimame, zikabaki. Alimwomba avue sweta alitundike kitini, kisha atoke nje na kufunga mlango. Shangazi akafanya yote, haraka na kwa moyo mweupe.

Alama hazikutikisika.

Kuna furaha ya kulipata tatizo ambayo humjia fundi kabla ya akili. "Ni sweta!" akasema Bisibisi kwa sauti. Alipofumba mdomo ndipo alipoelewa amesema nini, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Basi libaki hapo," akasema meneja.

"Na yeye?"

"Yeye ana tatizo gani?"

"Asante ya punda," akasema yule mzee, ila hakumalizia, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Nje, Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameikunja kifuani. "Zimekubali?"

"Zimekubali, Shangazi."

"Nirudi ndani sasa?"

Bisibisi alitafuta uongo wa kumwambia, akaukosa. Alijichukia siku ile, na siku nyingi baadaye.

Majira ya baridi yalipoingia, Shangazi alikuja kupanga foleni kama watu wengine. Bomba lake lilikuwa limekauka. Alipokaribia meza, alama zilianza kumfuata. Karani akasogeza mkono wa sweta karibu na skrini, zikarudi kazini shingo upande. Kwenye mkono ule palikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, kama kwenye viti na makabati.

"Jina lako, mama?"

Shangazi akataja jina lake kamili, ambalo karani hakuwahi kulisikia, na mahali anapoishi. Kisha akasema, "Naomba na sweta langu, mwanangu. Baridi imezidi."

Karani akaenda kwa meneja, akarudi anatazama chini. "Anasema limeshaingizwa kwenye mali za ofisi. Samahani sana, Shangazi."

Shangazi akalitazama sweta. "Basi nipe nikaze hicho kifungo. Kitadondoka."

Akatoa sindano na uzi mkobani, akashona palepale mezani. Kwenye skrini hakuna kilichosogea. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akalitandaza sweta juu ya mgongo wa kiti, akapangusa vumbi mabegani pake, akatoka na mikono yake kwapani.

"Anayefuata," akasema karani, na foleni ikasogea.