Sentimita Nne

Fundi cherehani aliweka kiganja juu ya boneti ya gari alilokuja kulinunua kabla hata hajaitikia salamu. Ilikuwa ya moto.

"Shemeji, si ulisema hujaliwasha tangu jana?"

"Nimelisogeza tu likae kivulini," akajibu mume wa dada yake, macho makavu.

Kivuli gani, na mawingu yalitanda tangu asubuhi? Fundi cherehani akaliweka hilo moyoni: injini inayopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha kasoro. Gari lilikuwa la miaka kumi na minane, limeng'arishwa mpaka linatia shaka, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: eti linavuta kwa magurudumu yote manne. Sifa hiyo ndiyo iliyomleta. Mama yao husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na mvua ikinyesha, kilima cha kwake hakipandiki kwa gari la kawaida. Juma lililopita walikosa zamu moja tu, mama akavimba uso. Fundi cherehani hakutaka kuuona tena uso ule.

Dada mkubwa alisimama mlangoni na sinia la chai. Ndiye aliyemkataza asije na fundi wa magari. "Utamwaibisha shemeji yako," alimwambia. Basi fundi wa magari akatoa maelekezo kwa simu, na fundi cherehani akaja peke yake na chaki na tepu yake ya kazini.

Akatia alama kwenye tairi ya mbele na ya nyuma, pale zinapogusa sakafu, na sakafuni vilevile. Shemeji akasogeza gari polepole mpaka kila tairi ikamaliza mzunguko mmoja. Tepu ikanyooshwa. Ya nyuma ilikuwa pungufu kwa sentimita nne. Kiunoni, sentimita nne ni gauni la mtu mwingine.

"Za mbele mpya, za nyuma zimekwisha," akasema.

"Tairi ni tairi. Unanunua gari au unalishonea suruali?"

Alicheka kidogo, maana lilichekesha. Kisha akamwomba shemeji akate usukani mpaka mwisho, azunguke uani. Fundi wa magari alishamwonya: tairi zisipolingana, gari la aina hiyo hushikashika kwenye kona kali, sakafu ikiwa kavu. Lisiposhikashika kabisa, hapo ndipo uogope.

Likazunguka laini kabisa.

Akatandika khanga, akalala chini, akachungulia. Propela, ule mhimili mrefu wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, haikuwepo. Yalibaki matundu ya boliti.

"Ilikuwa inapiga kelele, nikaitoa," shemeji akasema, sauti imepungua. "Ya mbele yanavuta vizuri tu."

Fundi cherehani aliinuka, akamgeukia dada yake. Hasira aliyoisikia haikuwa juu ya shemeji tena. "Dada, ulijua?"

Dada akaweka sinia chini, akalala juu ya khanga ileile, akachungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka hakujipangusa.

"Zamu ya mama ni kesho saa mbili asubuhi," akamwambia mumewe, "na mvua hiyo inakuja. Utalipandisha wewe kilimani. Likikwama, utambeba mama mkwe wako mgongoni mpaka kwenye lami. Mimi nitakuwa nyuma yenu, nimemshikia mwavuli."