Picha Pana ya Titye

Mimi Venanti ni mpiga picha mjini Kasulu, na wanaonijua wanajua sina subira. Picha za pasipoti na za harusi ndizo zinazonilisha, ila moyo wangu uko milimani. Nikipata siku napanda Titye au Rungwe Mpya, nasimamisha stendi ya miguu mitatu, nageuza kamera kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia. Vipande kumi na viwili. Nikirudi naviunga kwenye kompyuta, vinakuwa picha moja ndefu, unaiona nchi nzima kwa mara moja.

Adui wa picha hiyo ni kitu kinachotembea. Mtu akisogea kati ya kipande na kipande, anatoka amekatwa kiuno au ana vichwa viwili. Kwa hiyo huwa nawafuta watu wote.

Aliyenisumbua kuliko wote ni mke wangu, Vestina. Alinibebea stendi kichwani mpaka juu, akaketi kupumzika, na kila mara aliketi mbele ya kamera. Siku moja pale Titye akaniuliza:

"Baba Ima, mbona mimi hunipigi?"

"Wewe si upo nyumbani kila siku? Hebu toka hapo, unaniharibia mlima."

Akacheka, akainuka taratibu. Hakuwa mtu wa haraka, na kamera ilikuwa imeshamnasa ameketi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, homa ilimshika Jumatatu. Ijumaa tulikuwa tunachimba kaburi.

Kwetu picha ya marehemu hutangulia jeneza, mwanawe ameishika. Asubuhi ya mazishi binti yetu, Immakulata, alinifuata studio akaomba picha ya mama yake, kwa upole, kama mteja. Nusu ya marehemu wa mji huu nimewatengenezea mimi picha hizo. Kinyozi hajinyoi, watu husema, tena wakicheka. Mimi niliona aibu, nikashindwa kumtazama mtoto. Picha yetu ya harusi ilioza paa lilipovuja, na kwenye kadi yake ya kupigia kura uso umefifia, haujulikani ni wa nani.

Nikawasha kompyuta. Vile vipande vya mwanzo huwa navifuta nikishaviunga, maana vinajaza nafasi. Zilikuwa zimebaki picha pana ishirini na saba, zote safi, hazina hata mtu mmoja. Nilizifungua moja moja, Ima amesimama nyuma yangu, mpaka nikafika kwenye ile ya Titye.

Ukimfuta mtu lazima uzibe pengo lake, na mimi huziba kwa kunakili nyasi za jirani. Nikaikuza picha mpaka nikapaona: kichaka kilekile cha nyasi mara mbili, ubavu kwa ubavu, kimo cha mtu aliyeketi.

"Mama yako alikuwa hapa," nikamwambia, nikaweka kidole.

Akainama, akatazama sana. "Mbona ni nyasi, baba?"

Nikamweleza kwamba ni mimi niliyemfuta. Nikalia mbele ya mwanangu bila kujizuia. Yeye hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Nichapie hapo hapo alipoketi," akasema.

Mchana alitangulia jeneza la mama yake, ameshika kwa mikono miwili fremu yenye nyasi tupu. Waombolezaji walinong'ona kwamba Venanti amechanganyikiwa, amechapa picha siyo. Ima aliwasikia, akaiinua fremu juu zaidi, wote waione.