Mwacheni Agawanye

...na kibuyu nacho kizito, jamani, kwa nini wamekijaza hivi, povu la pombe ya ulezi linachungulia mdomoni, na Kalista amekishika kwa mikono miwili kama desturi ya kwao inavyotaka, maana kwao anayekunywa amekubali, hakuna kusaini wala kuapa, unapiga funda moja tu yamekwisha, kaka zake Adriano na Leonardi wameshakunywa, bado yeye, na baba mdogo Polikarp anarudia, "Shamba la marehemu baba yako haligawanyiki, mwanangu, wataliendesha kaka zako, kunywa tumalize," haligawanyiki, neno hili amelisikia wapi... kwa mwalimu Enock, kidato cha pili, siku aliyoandika ubaoni tarakimu saba, zote moja, milioni moja laki moja elfu kumi na moja mia moja na kumi na moja, akajaribu mbili, inabaki moja, tatu, inabaki moja, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kote inabaki moja, ile ile, king'ang'anizi, mwalimu akakung'uta chaki, haigawanyiki hii, darasa zima likaandika haigawanyiki, yeye hakuandika, kwa nini tuishie kumi na tatu, nani kasema, akarudi nayo hapa hapa Chala, akaikalia uani, kumi na saba, inabaki nane, kumi na tisa, inabaki kumi, Leonardi akalalamika kwamba dada hapukuchui mahindi, na baba, magunzi yamemjaa miguuni, hata hakuinua macho, "Mwacheni agawanye"... "Kalista, povu linaisha hilo," Adriano anacheka, liishe, kwani povu ni la nani... akaenda nayo siku baada ya siku hadi mia mbili thelathini na tisa, haikubaki kitu, hata chembe, mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa, akapiga kelele kuku wakatawanyika, na vipande hivyo viwili ukivisumbua kwa kugawanya zaidi haviachii, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, havilingani na wala havigombani, na namba yenyewe ukiizidisha kwa yenyewe inapanda moja mbili tatu hadi saba, kisha inashuka sita tano nne hadi moja, kama lori lililopanda kutoka Muze likageuza kurudi bondeni, namba nzuri kuliko zote, na walisema haigawanyiki... alikuja kunywa, kweli, tangu asubuhi alijiambia kunywa yaishe, una mshahara wa ualimu, ndugu ni ndugu, lakini nani kapima shamba hili, hakuna aliyechomeka hata kigingi, wamejaribu mbili, Adriano na Leonardi, ikabaki moja, na hiyo moja ni yeye, basi wakakung'uta chaki, uvivu tu huo, uvivu na uroho, inamuuma, inamuuma sana, na wala hataki nusu, kipande kikubwa wachukue, anataka kile kidogo cha kule chini mferejini, pale walipokuwa wakifukia nyasi yeye na baba kwenye matuta ya duara, mia mbili thelathini na tisa yake, haipunguzwi, haisumbuliwi... "Kunywa, mwanangu," anasema baba mdogo Polikarp, sauti imeanza kukauka, na kibuyu kimejaa vile vile, kizito vile vile, ila hakipeleki mdomoni, wakae, wasubiri, jua bado lipo, mwacheni agawanye...