Jua la Kuyeyusha Tarumbeta

Kama kuna watu waliomchosha Burgi kuliko wasioijua theluji, ni wale walioijua tangu utotoni kisha wakajitia hamnazo. Na asubuhi hiyo alikuwa nao saba, wote wa kijijini kwake, wote wamemzidi umri, wamesimama kileleni chini ya msalaba wa mbao wakisubiri tarumbeta ziyeyuke.

Kila Aprili, chama cha wapanda mlima cha kijiji kilipanda pale kumwombea Alfons, baba yake Burgi, aliyefukiwa na maporomoko ya theluji kwenye mteremko wa mashariki. Burgi ndiye aliyewaongoza, maana kuongoza watu milimani ndiyo kazi inayomlisha. Jana yake, kwenye kibanda cha mlimani walikolala, alisema mpaka koo likamkauka: theluji ya masika huganda usiku, alfajiri huwa ngumu kama sakafu, lakini jua likishaipiga inakuwa uji, na uji haukai mlimani. Tupande na giza, tushuke mapema. Wote waliitikia kwa vichwa. Kulipopambazuka walikuwa bado wanaongezewa kahawa.

Sasa tarumbeta. Ndugu wawili wa bendi walizibeba mgongoni, na baridi ya njiani ikagandisha vitufe vyote.

"Bila wimbo hakuna misa," alisema Leonhard, mwenyekiti wa chama. "Ziwekeni juani. Zitalegea sasa hivi."

"Mzee Leonhard, jua likizilegeza tarumbeta, unadhani mteremko litauacha?"

"Binti, haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

Wakacheka. Hicho ndicho kilichomuuma. Wangemtukana angejua la kujibu, lakini walimcheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake.

Akamgeukia mama yake. Kreszenz alikuwa amekaa juu ya mkoba wake, kitambaa cheusi kichwani, macho kwenye msalaba.

"Mama, waambie basi. Wewe watakusikia."

"Ni misa ya baba yako, Burgi. Mara moja kwa mwaka. Hata hiyo imekushinda kuivumilia?"

Burgi alikwenda ukingoni akachoma theluji kwa fimbo yake. Walipofika, ncha ilikuwa inagonga na kuteleza. Sasa fimbo ilizama mpaka katikati bila kusukumwa. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu mama yake naye angepita huko.

Hatimaye tarumbeta moja ikatoa sauti ya ndama mwenye njaa, watu wakapiga makofi, na Padre Engelbert akaanza. Padre huyu alikuwa mtu mwema, ila neno fupi hakulijua. Alihubiri juu ya kukesha. Alihubiri kwamba mwenye hekima huwa macho na hupuuza sauti ya ulimwengu, huku nyuma yake vidonge vya theluji vimeanza kujiviringisha kutoka chini ya majabali, kimoja, kisha vingi, kila kimoja kikiacha mchirizi wake.

Burgi akashindwa.

"Padre, nisamehe. Toa baraka sasa hivi. Mengine utayamalizia kanisani."

Wenye tarumbeta walizishusha midomoni.

"Burgi!" Leonhard alifoka. "Adabu umeiacha wapi? Anayeombewa hapa ni baba yako!"

"Ndiyo, ni baba yangu! Haya, vaeni skii tuteleze chini. Altare ni ya Padre, lakini njia ni yangu."

Padre akachora msalaba hewani kama anayefukuza inzi. Wimbo haukupigwa.

Burgi hakuwashusha kwa mteremko wa mashariki waliouzoea. Aliwazungusha hadi upande wa kivuli, alioupima jana yake, ambako theluji ilikuwa mbovu kutelezea lakini ilikuwa bado imeshikamana. Aliwashusha mmoja mmoja, wa pili haondoki mpaka wa kwanza amefika kwenye mwamba. Kila waliposimama Leonhard alinung'unika kuhusu magoti yake. Kreszenz alipita mbele ya bintiye bila kumtupia jicho.

Kibandani waliketi kwenye benchi la nje, supu ya madonge ya mkate mbele yao, na ng'ambo ule mteremko wa mashariki wote unaonekana. Wakautazama. Ulitulia tuli, mweupe, hauna hata ufa. Burgi, aliyebaki amesimama kando, alijikuta anautamani uanguke, Mungu amsamehe, uanguke tu hata kipande, wamwone hakuwa mwendawazimu.

"Haya, fundi," Leonhard alisema, supu ikimng'aa ndevuni. "Maporomoko yako yako wapi? Tumemkatizia Alfons misa yake bure. Mwakani tunatafuta kiongozi asiye na mbio."

Wakacheka tena. Hatari uliyoikwepa haina shahidi.

Kreszenz aliweka kijiko mezani.

"Leonhard, sisi na Alfons tulishuka pale na jua kama hili miaka mingapi?"

"Mingi, Kreszenz. Kila masika."

"Kila masika. Tukishafika tunakaa hapa hapa, tunakula, tunasema, mnaona? Hakuna kilichotokea." Alikuwa bado anautazama mteremko. "Hata siku ile ya mwisho. Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimeshamwagizia supu."

Hakuna aliyecheka. Leonhard alijifuta ndevu polepole, akaangalia bakuli lake.

Kreszenz akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Kula kabla haijapoa."