Hodi ya Taa

Mama mkwe wangu alianguka wakati mimi niko kwenye cherehani. Nilikuwa nashona shuka za nyumba ya wageni, mishono mirefu iliyonyooka, ile ambayo mguu unakanyaga na akili inapumzika, na mota ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Chumba chake kiko nyuma, ukishapita ukumbi na jiko. Aliita, akaita tena. Mimi nilikuwa nasikia cherehani tu. Uzi wa bobini, ile ya chini ya sindano, ulipoisha nikasimama niweke mwingine, ndipo nikasikia sauti, imeshakuwa ndogo, inamwita marehemu mume wangu.

Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Goti lilivimba na ubavu ukawa unamuuma akijigeuza. Lakini shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipopata habari alipiga simu asubuhi yake, kwa ile sauti ya upole ya mtu aliyekwisha kuamua. Alisema hanilaumu. Alisema anajua ninavyomtunza mama yao, ila mtu hawezi kushona na kusikiliza kwa wakati mmoja, na mimi nisiposhona hatuli. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja na gari amchukue akakae kwake.

Shemeji si mtu mbaya. Tatizo ni kwamba anakaa ghorofani, juu kabisa, na yeye na mkewe wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Mama akipanda zile ngazi ndiyo amepanda. Hatashuka tena kukaa kizingitini kuota jua, wala hatasalimiana na mtu isipokuwa msichana wa kazi. Nilipomwuliza yeye mwenyewe anaonaje, alijibu, "Nitakwenda nitakakopelekwa," akageukia ukutani.

Mume wangu hakuacha maneno mengi. Siku za mwisho, pumzi ikiwa imeshamwishia, alinitazama akasema, "Mama." Nikamjibu, "Nimesikia." Basi. Kwa hiyo ile habari ya gari la Jumamosi niliibeba kwenye sala kila nilipopiga magoti, na sikupata jibu lolote zaidi ya kuendelea na shuka.

Aliyepata la kusema ni Waya. Waya ni binti wa mdogo wangu, anakaa kwetu huku anasoma mambo ya elektroniki katika chuo cha ufundi. Wengine wanasema tulimpa jina hilo kwa sababu tangu utoto alikuwa anachomoa nyaya za redio za watu. Wengine wanasema ni kwa sababu ya wembamba wake. Wote wako sawa. Alikuwa anakunywa chai wakati shemeji anapiga simu, na simu ilipokatika akaniuliza, "Mamkubwa, si ni masikio tu ndiyo yana kazi? Macho je?"

Alikuwa na wazo la kuweka kitufe kitandani kwa bibi yake na taa mbele ya cherehani. Bibi akibonyeza, taa inawaka, mimi naiona hata mota ingurume vipi. Nikamwuliza waya utapita wapi, maana zile kuta ni za mawe na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa. Akasema hakuna waya utakaopita.

"Waya anafanya kazi bila waya," nikamwambia. "Basi tukutafutie jina jingine."

Alikuwa na bodi mbili alizonunua kwa ajili ya masomo. Kila moja ina upana wa vidole viwili, imejaa vitu vidogo vinavyong'aa, na pembeni kabisa kuna mstari wa shaba unaokwenda huku na huku kama mshono wa zigzagi. Nikauangalia sana ule mstari. Waya akasema hiyo ndiyo antena, hapo ndipo bodi inapotolea sauti na ndipo inapopokelea, na mtu asiifunike.

Jioni ya kwanza hakuna kilichofanyika. Aliunganisha bodi na kompyuta yake, bodi ikawasha taa yake ndogo, lakini kompyuta ikawa inasema haioni kitu. Akachomoa, akachomeka, akazima kompyuta, akawasha, akasoma maelekezo tangu mwanzo na kidole juu ya kila mstari. Akalala amenuna. Kesho yake chuoni wenzake walimcheka. Ule waya aliochomekea ulikuwa wa kuchajia simu tu, unapitisha umeme lakini ndani hauna njia ya kupitisha maneno. Bodi ilikuwa inashiba na haisikii anachoambiwa. Aliporudi na waya mwingine kompyuta iliiona bodi papo hapo, na bibi yake akasema kutoka chumbani, "Kumbe Waya kashindwa na waya." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aanguke.

Baada ya hapo niliacha mlango wa ukumbi wazi nikawa namwangalia. Kwanza aliifundisha bodi kupepesa taa yake yenyewe. Halafu akaifundisha kusikiliza, na kwenye kompyuta yakatokea majina ya mitandao yote ya jirani, mmoja umeitwa Usijaribu. Halafu akaipa jina na neno la siri la mtandao wa simu yake ili ijiunge. Nikamwuliza kwa nini haendi moja kwa moja kwenye taa ya bibi, siku zinakimbia.

"Kwanza isikie, halafu ijiunge, halafu ndiyo iseme," akajibu. "Ukiiambia yote pamoja, ikikosea hutajua imekosea wapi."

Nikaona ana akili. Mtoto naye anafundishwa sala hivyo hivyo.

Jioni moja ikawa tayari. Waya akabonyeza kitufe kule nyuma, na taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Nikaenda nikabonyeza mimi, Waya akasema imewaka. Tukamshukuru Mungu. Asubuhi, Waya akiwa ameshatoka, nikabonyeza tena kabla ya kuanza kazi, nikarudi mbele kuitazama taa. Kimya. Nikadhani nimeharibu, nikashinda nimeshika tama. Aliporudi akajipiga kofi la paji la uso. Bodi zote mbili zilikuwa zinakutania kwenye simu yake, na simu alikuwa nayo. Alikuwa amekwenda chuo na mtandao mfukoni. Akazibadilisha, ile ya mbele ikawa inatoa mtandao wake yenyewe na ya nyuma ikajiunga nao, wala hazihitaji simu ya mtu wala bando.

Mimi nami nikakosea la kwangu. Vumbi la vitambaa linaingia kila mahali, na kwa kuihurumia bodi nikaifungia ndani ya kopo langu la bati la kuwekea vifungo. Ikanyamaza. Waya alipoikuta humo aliitoa, akasema, "Mamkubwa, mtu ukimfungia ndani ya bati, atasikia nini?" Akaihamishia kwenye kopo la plastiki lililokuwa la siagi, na mambo yakatengemaa.

Sasa kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, na taa haikuwaka hata mara moja.

Nilishona siku hiyo nzima nikiitazama kuliko ninavyoitazama sindano. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikienda nyuma kumtazama, namkuta mzima, anasema hana shida. Halafu siku moja nikamkuta amelowa kifuani, gilasi iko sakafuni. Alikuwa amejinyoosha kuchukua maji mwenyewe, na lile goti. Kitufe kilikuwa hapo hapo kando ya mto.

Nikamwuliza kwa nini hakubonyeza.

"Nikupigie kengele?" akasema. "Wewe ni mtumishi wangu? Mke wa mwanangu nimbonyeze kama swichi?"

Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe nimeomba kubonyezwa. Akasema nimeomba kwa sababu nina adabu, na yeye hatabonyeza kwa sababu naye anayo. Nikaokota gilasi nikaenda kuijaza. Waya alipoambiwa alikasirika mpaka machozi. Alisema bodi zote zimeunganishwa, bibi ndiye hajaunganishwa. Jumamosi ya shemeji ilikuwa wiki ijayo, na angetuonaje tukimwonyesha kitufe ambacho mwenyewe hakigusi?

Nikarudi kwenye shuka. Unaposhona kitu kirefu mawazo nayo yanakwenda marefu, na mimi nikawa nafikiri juu ya mlango wa Mama. Ule mlango hauna komeo, mchana kutwa uko wazi. Hata hivyo miaka yote hii sijawahi kuuvuka bila kubisha hodi, na yeye hajawahi kuiacha hodi yangu bila kuitikia. Akiwa na usingizi ataitikia. Akiwa na maumivu ataitikia. Kuna mwaka alinikasirikia akawa hasemi nami, chakula akawa anakitazama tu, hata hapo nikibisha alisema karibu, halafu ndiyo akanyamaza.

Waya aliporudi nikamwuliza kama ile taa inaweza kwenda upande wa pili. Yaani mimi ndiye nianze kubonyeza, taa iwake kwake.

Akafikiri. Akasema bodi ya nyuma ameifundisha kusema tu na ya mbele kusikia tu, sasa itabidi kila moja ijue yote mawili. "Kutuma si kazi, Mamkubwa. Kazi ni kujua kama umesikika."

"Ndicho ninachotaka," nikamwambia. "Nataka kujua kama nimesikika."

Alikaa nayo jioni mbili. Akaongeza kitufe kwenye kopo langu na taa kwenye meza ya Mama, ya kijani, maana nyekundu Mama aliikataa, alisema inamtisha. Nikaenda nikamweleza. Mama, nikibonyeza huko mbele, kwako inawaka, hiyo ni hodi yangu. Ukiwa mzima niitikie kwa hicho kitufe. Hapo hunitumi popote, unanikaribisha tu. Akaigeuza geuza ile taa mkononi. Akairudisha mezani.

Bobini ya kwanza ilipoisha nikabonyeza. Sikumaliza hata kutunga uzi, taa yangu ikawaka.

Tukaendelea hivyo. Kila bobini, hodi, na kila hodi, karibu. Akawa mwepesi kuliko mimi. Halafu siku moja nilikuwa nampima mteja gauni na muda ukapita, nikashangaa taa yangu inawaka yenyewe. Nilimwacha mteja na sindano za bega nikakimbia nyuma. Mama alikuwa ameketi, anataka kwenda msalani na fimbo imeanguka chini ya kitanda. "Nimekubishia hodi tu," akasema, "nimeona leo kimya." Nikainama nikamtolea fimbo. Sikumwambia kwamba ndiyo kuniita kwenyewe.

Jumamosi shemeji akafika. Kiti cha nyuma cha gari alikuwa amekitandika godoro, na mkononi ana begi tupu la nguo. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto, nikamketisha karibu na cherehani, nikamweleza kopo la siagi. Alisikiliza kwa heshima. Akauliza umeme ukikatika inakuwaje, Waya akamwonyesha pawabenki iliyokaa chini ya kila bodi. Akauliza na ikiharibika? Waya akasema haitaharibika, na mimi nikaona shemeji hakulipenda jibu hilo.

"Haya, shemeji," akasema. "Nionyeshe."

Nikabonyeza. Tukaitazama taa. Haikuwaka.

Shemeji akatazama saa yake, kisha akatazama sakafu, kwa kutuhurumia. Waya alikuwa ameshafungua kompyuta, anasema labda bodi ya nyuma imetoka kwenye mtandao, ampe dakika moja. Mimi sikumsubiri. Nilikuwa nimeshasimama, shuka imeanguka chini, nakatiza ukumbi, na nyuma yangu nasikia viatu vya shemeji vinanifuata.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho ameyafumba, midomo inatembea. Alikuwa kwenye sala. Ile taa ya kijani ilikuwa inawaka usoni kwake. Nikasimama mlangoni, shemeji nyuma yangu, tukangoja. Alipomaliza alifungua macho, akanyoosha mkono akabonyeza, na kule mbele Waya akapaza sauti kwamba imewaka. Ndipo Mama akasema karibuni, akamwona mwanawe.

Shemeji alimwamkia, akakaa karibu yake, akalishika lile goti. Halafu akaniuliza mimi, bila kugeuka, "Kwa hiyo asipoitikia, unaacha kazi unakuja."

"Nakuja."

"Hata kama ni kifaa tu kimeharibika?"

"Kikiharibika kitakaa kimya, shemeji. Nikiona kimya, nakuja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akamwambia mama yake kwamba chumba kiko tayari, kina dirisha kubwa, ila yeye ndiye mwenye neno. Mama akauliza mchana kule nani atambishia hodi. Shemeji akaanza kumtaja msichana wa kazi, akajikatiza. Nadhani alikuwa anamtafuta mtu mwingine kichwani na hampati.

Alikunywa chai, akamwuliza Waya kama taa nyingine inaweza kuwekwa kwake, naye awe anabisha. Waya akamwambia hizi zinaishia kwenye kuta za nyumba hii, yeye ana simu, apige. Akacheka. Jua lilipopungua akaondoka na godoro lake, na begi halikufunguliwa.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikarudi, nikaiokota shuka, nikakung'uta vumbi. Kabla sijakanyaga, taa yangu ikawaka. Nikaenda nyuma nikabisha hodi mlangoni, akasema karibu.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka, Mama."

"Haya," akasema, akijiegemeza kwenye mto. "Kaendelee na kazi."