Mkono Uliopigwa Bandi

Mlango wa stoo ya vitambaa ulifungwa nyuma yake, komeo likalia. Binti aligeuka akidhani ni upepo. Kumbe ni msimamizi wa kiwanda.

"Mdogo wangu, leo umependeza," alisema, akilitazama koti alilovaa Binti. Lilikuwa la mteja, limepigwa bandi tu, mikono yake imeshikizwa kwa nyuzi chache. Binti alikuwa akilijaribu mwilini alipokumbuka kwamba bitana, kitambaa cha ndani, imemwishia.

"Nimefuata bitana, kaka. Naomba nipite."

"Bitana haina miguu. Itakusubiri."

Akamdaka kifundo cha mkono.

Binti hakujiona mnyonge. Kila mchana, wakishakula, Mama Pasi, mnyoosha nguo aliyefundishwa kujihami na mpwa wake askari, huwasimamisha mafundi wawili wawili katikati ya cherehani. "Tafuteni kidole gumba! Hapo ndipo penye mlango. Pindua, vuta!" Binti alikuwa hodari wao. Hakuna aliyewahi kumshika asichomoke.

Akapindua. Akavuta.

Mkono haukutoka.

Akapindua tena, ngozi ikawaka moto. Msimamizi akacheka. "Ndiyo mnayofundishana hayo? Na mimi nikidhani mnacheza ngoma!"

Hapo ndipo alipoelewa. Kule mazoezini walikuwa wakiachiana. Ukikunja uso kidogo tu, mwenzako anafungua vidole: "Pole shoga, nimekuumiza?" Wote walikuwa hodari kwa sababu wote walikuwa na huruma. Huyu hakuwa na pole ya mtu.

Alipiga yowe. Upande wa pili wa ukuta cherehani zilinguruma, zikalimeza yowe lake kama kuku amezavyo punje. Alimsikia Mama Pasi akiangua kicheko, karibu sana, lakini mbali sana. Majora ya vitambaa yalipangwa hadi darini pande zote, na kijia kilichobaki katikati kilizibwa na kifua cha mtu huyu, aliyekuwa akimburura kuelekea pembeni kwenye giza.

Kadiri alivyorudi nyuma ndivyo alivyokazwa. Basi akaacha kurudi nyuma. Unanitaka huko? Haya, twende! Akamfuata kwa nguvu zake zote, bega mbele, likamgonga kifuani. Msimamizi akapepesuka, kisigino kikajikwaa kwenye jora lililolala sakafuni, akaachia ili asianguke.

Binti akarukia komeo. Likakwama nusu. Vidole vikamdaka tena, sasa kwenye mkono wa koti.

Safari hii hakutafuta kidole gumba. Bandi ile aliipiga mwenyewe. Akajitupa mlangoni kwa uzito wake wote, nyuzi zikakatika trrr, mkono wa koti ukabaki kwa msimamizi na komeo likafyatuka.

Cherehani zilinyamaza moja moja alipotokea na koti la mkono mmoja. Msimamizi alisimama mlangoni, kipande kingine kikining'inia vidoleni mwake.

"Huyu binti alikuwa ana..."

"Funga mdomo!" Mama Pasi alijiweka kati yao, pasi ya moto mkononi. Mafundi wote wakasimama nyuma yake, na msimamizi akarudi hatua ndani ya stoo.

Jirani wa Binti kwenye cherehani akamgusa kifundo kilichovimba, taratibu, kama anayegusa yai.

"Pole shoga, amekuumiza?"

Binti akamsogezea mkono. "Usiniguse hivyo," alisema. "Nishike. Nishike hasa. Na kesho nikipindua, msiniachie."