Dawa ya Jicho la Wifi

Fundi wa miwani alimpeleka wifi yake ng'ambo kutolewa mtoto wa jicho. Mume wa fundi alikuwa amenyimwa ruhusa kazini, na dada yake huyo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, hakuwa mtu wa kuachwa asafiri peke yake.

Mwezi uliopita bomu lilikuwa limelipuka katika soko la mji waliofikia. Polisi wengi walihamishiwa sokoni, na majambazi wakapata mwanya. Mpokezi wa hoteli aliwaonya wasichukue teksi za barabarani, na wakivamiwa watoe kila kitu bila ubishi, wala wasiwatazame watu hao usoni.

"Na wakitaka jicho je?" wifi aliuliza. "Niwape hili bovu?"

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake mchana wakatoka hospitali, jicho moja la wifi limefungwa, la pili likiona vivuli tu. Gari waliitiwa na hospitali yenyewe. Liliposimama kwenye taa za barabarani, mlango wa nyuma ukafunguliwa na kijana mmoja akajipenyeza kando ya wifi. Mwenzake akaingia mbele, akamwekea dereva bastola ubavuni.

"Ee baba, gari limejaa hili," wifi alisema. "Subiri jingine."

"Wifi, hawa ni majambazi," fundi alimnong'oneza. "Nyamaza."

"Wewe nawe!"

"Wana bastola. Vua pete."

Wifi akafyata ulimi, akaivuta. Pete ilikataa kutoka. Fundi akakilowesha kidole cha wifi kwa mate na kuizungusha polepole, kama anavyozungusha skrubu ya fremu, huku macho yake yakiwa kwenye viatu vya yule kijana. Alisubiri woga umjie. Haukuja. Yote yalimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Akatoa simu, pochi, mkoba. Kisha akakumbuka kitu.

"Kaka, humo mna dawa ya jicho lake. Tuachie hiyo tu."

"Ipi?"

"Kichupa chenye kifuniko cheupe."

Kijana akapekua, akakipata, akamrushia mapajani.

Waliteremshwa nje ya mji, mbele ya kiwanda cha matofali, na gari likaenda na dereva wake. Wifi aliketi chini pale pale akaangua kilio. Fundi aliomba maji kwa mlinzi wa kiwanda, akanawa mikono, akainua kitambaa cha jicho.

"Usilie, dawa itatoka yote."

"Wifi, tumenusurika kufa!"

"Ndiyo. Inua kichwa."

Mlinzi aliwapigia simu polisi. Kituoni waliambiwa dereva amepatikana, amefungwa kamba lakini mzima. Askari akamgeukia fundi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Natengeneza miwani."

"Basi unatazama nyuso za watu kutwa nzima. Hao walikuwaje?"

"Mmoja alivaa raba za bluu. Kamba moja imekatika."

"Sura yake?"

"Sikuitazama."

Askari alishusha pumzi akafunga jalada.

Waliporudi nyumbani, mume wa fundi alimkumbatia mkewe uwanja wa ndege na kulia mbele za watu. Fundi alimpigapiga mgongoni, kama mtu anayembembeleza mtoto asiye wake. Usiku alilala fofofo, na hilo ndilo lililomtia mumewe wasiwasi zaidi. Wifi, kwa upande wake, alisimulia kwa kila aliyefika, na watu wakavunjika mbavu. Bastola ikawa bastola mbili, kisha bunduki.

Jicho lilipopona, wifi akaja dukani kupimiwa miwani. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akamkazia macho fundi.

"Kumbe umekonda hivi!"

"Tulia, usitikise kichwa."

"Kaka anasema hujalia mpaka leo."

"Bado."

"Utalia lini?"

"Sijui, wifi. Sisikii kitu. Tazama juu kidogo."

Wifi akamshika mkono, rula ikiwa bado vidoleni. Fundi aliuacha mkono wake pale. Kiganja cha wifi kilikuwa na joto, na hilo alilihisi. Halafu mlango ukafunguliwa, mteja akaingia na fremu iliyovunjika, na fundi akautoa mkono taratibu akaenda kumhudumia.